SOMO KWA WATUMISHI: KIKOMO CHA UWEZO KATIKA SEHEMU ZA KOMPYUTA KUU NA GHARAMA ZA PROGRAMU

Watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kusimamia mikataba ya kompyuta, pamoja na wananchi wanaopenda kufahamu namna fedha za umma zinavyoweza kupotea bila ya mtu yeyote kuiba, wanaletewa somo hili kuhusu kompyuta kuu. Kompyuta kuu ni mashine moja kubwa ifanyayo kazi za ofisi nyingi kwa wakati mmoja: hutunza hesabu za benki, huandaa mishahara, hupokea malipo ya kodi, huweka nafasi za abiria wa ndege. Serikali nyingi, benki na mashirika ya bima duniani zinaitegemea hadi leo. Mtumishi ambaye hajawahi kuiona kwa macho anaweza kukutana nayo kwenye karatasi, khasa pale taasisi yake inapokodi huduma kwa mwenye mashine hiyo na kuletewa hati ya madai yenye herufi MSU. Ni vyema afahamu herufi hizo zinahesabiwaje kabla ya kutia saini.

Ijulikane kwanza kwamba katika kompyuta kuu gharama ya mashine na gharama ya programu ni mambo mawili tofauti. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza mashine zake za System/360 tarehe 7 Aprili, 1964, mteja aliyechukua mashine alipewa programu pamoja nayo bila ya kudaiwa bei ya peke yake. Mwezi wa Juni 1969 kampuni hiyo ilitangaza kwamba programu na huduma zitaanza kuuzwa mbali na mashine. Tangu hapo programu ikawa bidhaa yenye leseni na ada, na kwa programu nyingi kubwa ada hiyo hulipwa kila mwezi, mwezi hadi mwezi, kwa muda wote programu inapotumika.

Ada hiyo ilipimwaje? Kwa miaka mingi ilipimwa kwa ukubwa wa mashine yenyewe. Aliyekuwa na mashine kubwa alilipa ada kubwa kwa kila programu iliyomo, hata kama programu hiyo ilitumiwa na watu watatu katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini. Mteja aliyenunua mashine kubwa zaidi ili ajiandae kwa mahitaji ya miaka mitano ijayo alijikuta analipia miaka hiyo mitano tangu mwezi wa kwanza. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2000, pale IBM ilipotoa mashine ya z900 na baadaye, mwaka 2001, mfumo wa uendeshaji wa z/OS. Pamoja navyo kulianzishwa utaratibu wa kulipia sehemu ya uwezo iliyotumika, badala ya kulipia uwezo wote wa mashine.

Kipimo kinachotumika ni MSU, yaani mamilioni ya vipimo vya huduma kwa saa. Kila mashine imepewa idadi yake ya MSU na mtengenezaji, na matumizi ya kila kazi hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Msomaji aliyewahi kusimamia malipo ya umeme ya kiwanda au hoteli kubwa hatapata taabu kufahamu. Mteja mkubwa wa umeme halipii tu jumla ya umeme aliotumia mwezi mzima, bali hulipia pia kilele cha matumizi yake, yaani ule wakati mmoja ambapo mitambo yote ilikuwa inanguruma pamoja. Utaratibu wa MSU unafanana na malipo hayo ya kilele. Mwezi mzima unaweza kupita kwa utulivu, na siku moja ya pirikapirika ikaamua hati ya madai itakuwa kiasi gani.

MASHINE MOJA, SEHEMU NYINGI

Mwaka 1988 IBM ilianza kuzipa mashine zake uwezo unaojulikana kwa herufi PR/SM, ambao huigawa kompyuta moja katika sehemu kadhaa. Kila sehemu huwa na mfumo wake wa uendeshaji, kumbukumbu yake na kazi zake, na hujiona kana kwamba ni kompyuta kamili. Sehemu moja ikianguka, nyingine huendelea. Mashine ya z13, iliyotoka mwaka 2015, iliweza kugawiwa hadi sehemu 85.

Prosesa, ambazo ndizo zinazofanya hesabu, kwa kawaida hutumiwa na sehemu zote kwa zamu. Ili zamu hiyo iwe na haki, kila sehemu hupewa uzito. Tuseme mashine ina MSU 1,000, na imegawiwa sehemu nne: ya Miamala, yenye uzito wa 500, ya Mishahara, 300, ya Majaribio, 150, na ya Mafunzo, 50. Sehemu zote nne zikitaka prosesa kwa wakati mmoja, ya Miamala hupata MSU 500, ya Mishahara 300, na kuendelea hivyo. Lakini uzito hauzuii chochote wakati mashine ina nafasi. Ikiwa ni usiku na wenzake wamelala, hata sehemu ya Mafunzo inaweza kutumia MSU 400 kwa sababu hakuna mwingine anayezitaka. Watu wengi hudhani uzito ni kikomo, na dhana hiyo huwagharimu. Uzito ni haki ya kila mmoja siku ya msongamano, na siku nyingine hauna nguvu.

Namna ada inavyohesabiwa ndiyo kiini cha somo hili. Matumizi ya kila sehemu hayachukuliwi kwa dakika moja moja. Huchukuliwa wastani wa muda wa saa nne zilizopita, na wastani huo husogea mbele pamoja na saa. (Saa nne hapa ni urefu wa muda, si saa nne ya asubuhi au ya usiku.) Mfumo huweka matumizi katika vipande 48 vya dakika tano tano, kila kipande kipya kinapoingia, kile cha zamani kabisa hutoka. Kwa njia hii mshindo wa dakika kumi haumuumizi mteja. Kinachomuumiza ni mzigo unaodumu.

Kisha kila programu huhesabiwa peke yake. Kwa kila saa ya mwezi, wastani wa sehemu zote ambamo programu hiyo inafanya kazi hujumlishwa, na jumla kubwa kuliko zote za mwezi ndiyo inayolipiwa. Katika mfano wetu, tuseme saa nne asubuhi wastani wa Miamala ni 420, wa Mishahara 100, wa Majaribio 90 na wa Mafunzo 20. Saa nane za usiku Miamala imeshuka hadi 60, Mishahara imepanda hadi 300, Majaribio 40, na Mafunzo imezimwa. Programu ya hifadhidata imo katika Miamala na Mishahara tu. Jumla yake asubuhi ni 520, na usiku ni 360. Basi hifadhidata italipiwa MSU 520. Hailipiwi 720, ambayo ingepatikana kwa kujumlisha kilele cha mchana cha sehemu moja na kilele cha usiku cha nyingine, kwa kuwa vilele hivyo viwili havikukutana. Mfumo wa uendeshaji, ambao umo katika sehemu zote nne, una jumla ya 630 asubuhi na 400 usiku, hivyo utalipiwa 630. Kwa utaratibu wa zamani, programu zote mbili zingelipiwa MSU 1,000.

Msomaji aiweke hesabu hii akilini, kwa sababu itahitajika mbele.

KIKOMO CHA WASTANI

Baada ya kufahamu kwamba kilele ndicho kinacholipiwa, wazo la kukata kilele huja lenyewe. Mfumo wa z/OS humruhusu mwenye mashine kutaja, kwa kila sehemu, idadi ya MSU ambayo wastani wake wa saa nne usilipiwe zaidi ya hapo. Hicho ndicho kikomo cha wastani. Wastani ukiwa chini ya kikomo, sehemu hiyo huachwa huru itumie prosesa itakavyo, hata kupindukia kikomo kwa muda. Wastani ukifika kwenye kikomo, programu inayosimamia mzigo wa kazi, iitwayo WLM, huiarifu PR/SM, na kuanzia hapo sehemu haipewi zaidi ya idadi iliyotajwa mpaka wastani ushuke tena.

Maelezo haya mepesi yana mtego ndani yake, na mtego huo hauonekani ila kwa kufanya hesabu. Chukua sehemu yenye kikomo cha MSU 200. Usiku kucha imetumia 80. Saa mbili asubuhi milango ya ofisi inafunguliwa na matumizi yanaruka hadi 320. Kila saa inayopita, saa moja ya 80 hutoka katika hesabu na saa moja ya 320 huingia, hivyo wastani hupanda kwa 60. Saa tatu asubuhi wastani ni 140. Saa nne asubuhi ni 200, na kikomo kinashika. Tangu hapo sehemu inapewa 200 tu, ilhali kazi zilizopo zinahitaji 320.

Mtu angetarajia wastani usimame hapo hapo. La, unaendelea kupanda. Saa za usiku zenye matumizi ya 80 bado zinatoka katika hesabu, na mahali pake zinaingia saa za 200. Saa sita mchana, dirisha la saa nne lina saa mbili za 320 na saa mbili za 200, na wastani ni 260. Ndipo unapoanza kushuka: saa saba ni 230, na saa nane mchana unarudi 200. Kwa maneno mengine, mshindo wa saa mbili za asubuhi umezaa kizuizi cha saa nne nzima, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, ambao ndio wakati wananchi wamejaa dirishani.

Kuhusu malipo, mteja hana wasiwasi. Kanuni ni kwamba kwa kila saa huchukuliwa kilicho kidogo kati ya wastani halisi na kikomo kilichotajwa, kwa hiyo hata pale wastani ulipofika 260 hesabu huandika 200. Fedha zimeokolewa. Suala linalobaki ni nani aliyelipa kwa saa zile nne, na jibu ni yule aliyesimama foleni.

Jambo dogo la kuongezea ni kwamba sehemu inapowashwa upya, kumbukumbu ya saa zilizopita huanza na sifuri. Sehemu ile ile yenye kikomo cha 200, ikitumia 320 tangu dakika ya kuwashwa, itachukua saa mbili na nusu kabla ya kufika kikomo. Anayepima utendaji wa mashine katika saa za mwanzo baada ya kuwashwa upya atapata picha nzuri kuliko ukweli.

KINACHOTOKEA NDANI YA SEHEMU ILIYOZUIWA

Mapatano mengi huzungumzia kikomo kana kwamba ni bomba la maji lililopunguzwa, na kila mtu anapata kidogo kidogo kwa usawa. Sivyo. Ndani ya sehemu kuna ngazi za umuhimu, kuanzia ya 1 hadi ya 5, na chini yake kazi zisizo na ahadi yoyote, ambazo hufanywa nafasi ikipatikana. WLM ilianza kutumika mwaka 1994 kwa kusudi hili hili la kugawa uwezo kufuatana na malengo yaliyoandikwa. Kikomo kinaposhika, kazi za ngazi ya 1 huendelea kupata karibu mahitaji yao yote, na kazi za ngazi za chini hukauka kabisa.

Iwapo ngazi zimeandikwa kwa uangalifu, hili ni jambo jema. Ripoti ya takwimu inangoja mpaka jioni, na mwananchi anayelipia leseni ya biashara anahudumiwa. Lakini katika taasisi nyingi ngazi hizo ziliandikwa zamani, na kila idara wakati huo ilidai kwamba kazi yake ni ya ngazi ya 1. Pale ambapo kila kazi ni muhimu, hakuna iliyo muhimu, na mashine haina njia ya kuchagua.

Ziko pia athari zisizotarajiwa. Kazi ya ngazi ya chini inaweza kuwa imefunga rekodi fulani katika hifadhidata ili iibadilishe. Kabla haijamaliza, kikomo kinashika na kazi hiyo inanyimwa prosesa. Rekodi inabaki imefungwa. Kazi ya ngazi ya 1 inayoihitaji rekodi ile ile inasimama ikingoja, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Mfumo una njia ya kuzipatia kazi zilizokwama mgao mdogo wa prosesa ili ziweze kufungua rekodi, lakini njia hiyo ni ya dharura na haifai kutegemewa kila siku. Msimamizi anayeweka kikomo bila ya kuangalia ni kazi gani zinashirikiana rekodi anajitafutia simu za usiku.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutaja idadi yoyote ni lazima kuchukua kumbukumbu za matumizi za angalau miezi kadhaa, zikiwemo siku za mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka wa fedha, na kuzisoma pamoja na watu wa idara zinazohusika. Mtaalamu wa kompyuta anaona mstari unaopanda saa tatu asubuhi ya tarehe 28. Karani wa mishahara ndiye anayejua kwamba mstari ule ni walimu wa skuli zote.

VIKOMO VYA AINA NYINGINE

Mbali na kikomo cha wastani, kipo kikomo cha kudumu, ambacho hufungwa kwenye uzito. Sehemu iliyowekewa kikomo hicho haipati zaidi ya fungu la uzito wake dakika yoyote, hata kama mashine nzima iko tupu. Kinafaa kwa sehemu iliyokodishwa kwa mtu wa nje aliyelipia kiasi maalumu, au kwa sehemu ya majaribio yenye tabia ya kurandaranda. Ubaya wake ni kwamba mtu akibadilisha uzito wa sehemu moja, fungu la kila mmoja hubadilika. Kuanzia mwaka 2013, kwa mashine za zEC12, iliwezekana kutaja idadi kamili ya prosesa ambayo sehemu isiivuke, bila ya kutegemea uzito wa majirani.

Muhimu zaidi kwa mwenye sehemu nyingi ni kikomo cha kundi, kilichokuja na z/OS toleo la 1.8 mwaka 2006. Hapa sehemu kadhaa za mashine moja huunganishwa na kupewa kikomo kimoja. Tuseme kundi la sehemu tatu lina kikomo cha MSU 400, na uzito wao ni 150, 150 na 100. Kikomo kikishika na wote wakiwa na njaa, kila mmoja hupata kiasi cha uzito wake: 150, 150 na 100. Lakini wa tatu akiwa anatumia 40 tu, zile 60 alizoziacha hugawiwa wenzake wawili, 30 kila mmoja, nao wakapata 180. Hakuna haja ya mtu kukesha akihamisha namba. Kundi haliwezi kuvuka mashine moja kwenda nyingine, na sehemu yenye prosesa zake peke yake, au iliyofungiwa kikomo cha kudumu cha uzito, haikubaliwi kuingia. Sehemu iliyomo kundini inaweza vile vile kuwa na kikomo chake binafsi cha wastani. Kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachofuatwa.

Kikomo cha kundi kimekuwa msaada mkubwa, na pale kinapowezekana ndicho cha kutangulizwa. Vikomo vya sehemu moja moja huacha uwezo mezani: sehemu moja inazuiwa huku ya pili ikiwa na nafasi ambayo tayari imelipiwa.

KUKATA MAHALI PASIPOSTAHILI

Turudi katika mfano wa sehemu nne. Tuseme mkuu wa taasisi ameagiza gharama zipunguzwe, na mtumishi mwenye bidii anapitia takwimu. Anaona sehemu ya Mishahara inafika MSU 300 saa nane za usiku. Anasema usiku hakuna mwananchi dirishani, basi hapa ndipo pa kukata, na anaweka kikomo cha 200. Agizo limetekelezwa, hakuna aliyelalamika siku ya kwanza.

Mwisho wa mwezi ada ya hifadhidata inakuja ile ile, MSU 520, na ya mfumo wa uendeshaji ile ile, 630. Kwa nini? Kwa sababu ada ilikuwa inaamuliwa saa nne asubuhi, na wakati huo sehemu ya Mishahara ilikuwa kwenye 100, mbali kabisa na kikomo chake kipya. Usiku wenye jumla ya 360 haukuwa na sauti katika hesabu. Hakuna hata senti moja iliyookolewa. Kilichopatikana ni kwamba kazi ya mishahara, iliyokuwa ikimalizika kabla ya alfajiri, sasa inasukumwa hadi asubuhi, ikiwa bado ina mzigo wakati milango inafunguliwa. Inakutana na miamala, na kilele cha saa nne asubuhi kinapanda juu kuliko mwezi uliopita. Taasisi inalipa zaidi, na watumishi wanapokea mishahara wamechelewa.

Kosa la namna hii ni rahisi kufanyika, kwa kuwa anayelifanya anaonekana anafanya kazi. Swali la kuulizwa kabla ya kikomo chochote ni moja: katika saa ile ambayo ada iliamuliwa mwezi uliopita, sehemu hii ilikuwa inatumia kiasi gani? Kama ilikuwa inatumia kidogo, iachwe. Katika mfano huu, pa kuangalia ni sehemu ya Majaribio, ambayo saa nne asubuhi ilikuwa na 90. Ikiwekewa kikomo cha 40 nyakati za asubuhi, na watengenezaji wa programu wakapewa uhuru kuanzia alasiri, ada ya mfumo wa uendeshaji ingeshuka kutoka 630 hadi 580 na hakuna mwananchi ambaye angejua. Namba za kikomo zinaweza kubadilishwa mashine ikiwa inafanya kazi, hivyo hakuna sababu ya kutumia kikomo kimoja mchana na usiku. Ada ya hifadhidata, kwa upande wake, isingeguswa, kwani hifadhidata haimo katika sehemu ya Majaribio.

Hilo la mwisho linafungua mlango mwingine. Programu ghali iliyosambazwa katika sehemu zote hulipiwa kwa matumizi ya sehemu zote, hata pale inapoitwa mara moja kwa wiki. Kuihamisha programu hiyo ikae katika sehemu moja au mbili huweza kuokoa zaidi kuliko kikomo chochote, na hakumcheleweshi mtu. Vile vile, tangu mwaka 2006 zimekuwepo prosesa maalumu ziitwazo zIIP, ambazo huchukua baadhi ya kazi, zikiwemo kazi fulani za hifadhidata, na matumizi yake hayaingii katika hesabu ya MSU. Na kuna dawa ya zamani kuliko zote: kutafuta programu moja au mbili zilizoandikwa vibaya zinazosoma jedwali zima ili kupata jina moja, na kuzirekebisha.

Watendaji wa fedha waelewe pia kwamba bei ya kila MSU haiko sawa. Zile za mwanzo ni ghali na za mwisho ni rahisi, kwa kuwa bei hushuka kadiri matumizi yanavyoongezeka. Kupunguza MSU kutoka 630 hadi 580 ni kupunguza karibu asilimia 8 ya matumizi, lakini ada haitashuka kwa asilimia hiyo kamili. Aidha, siyo kila muuzaji anafuata hesabu hii. Wapo wauzaji wengine wa programu ambao mikataba yao hutoza kwa uwezo wote wa mashine, na kwao vikomo vyote vilivyoelezwa hapa havibadilishi kitu mpaka mkataba wenyewe ufunguliwe upya.

Mwaka 2019 IBM ilitangaza utaratibu mwingine wa bei, ambao mteja akiuchagua huhesabiwa kwa jumla ya MSU alizotumia mwaka mzima, na si kwa kilele cha saa nne. Chini ya mkataba huo, kukata kilele hakuokoi chochote, kwa kuwa kazi iliyozuiwa asubuhi itafanywa mchana na kuhesabiwa ile ile. Taasisi inayohamia katika utaratibu huo na kuviacha vikomo vya zamani mahali pake inawachelewesha wananchi bure. Hivyo basi, mtumishi anayekabidhiwa dhamana hii aanze kwa kusoma ni mkataba wa aina gani uliopo, kabla ya kufungua takwimu yoyote.

Kwa wale walio katika utaratibu wa kilele, mwezi wa hesabu huanza tarehe 2 na kumalizika tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Ripoti hutayarishwa kwa programu ya SCRT, inayosoma kumbukumbu za mfumo za aina ya 70 na ya 89, na hupelekwa kabla ya kupita tarehe 9. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa kila sehemu na kwa kila siku. Pale ambapo zilizokusanywa hazifiki asilimia 95, maelezo ya sababu huhitajika, na ripoti isiyopelekwa huweza kumfanya mteja atozwe kwa uwezo wote wa mashine, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 2000.